Wafalme wa Mwalimu na Jino la Ijumaa

Mwalimu alikuwa mtu wa kukosoa hata dua. Sitanii. Siku ya kwanza nilipomjua tulikuwa wanawake kumi na wanne, tumekaa chini kuzunguka sinia katika nyumba ya ofisi ya wakala kule Al-Murabba, Riyadh, na dada mmoja wa Kisii alikuwa akituombea chakula. "Tunakushukuru, Baba, kwa kuku huyu," akasema. Macho tumefumba sote. Sauti ikatoka upande wa pili wa sinia: "Samaki." Yule dada akaendelea, "Kwa kuku huyu uliyetupa—" "Ni samaki, dada." Dada akafumbua jicho moja. "Basi kwa samaki huyu, Baba, na kwa wote wanaojua kuliko wewe, amina." Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alitoa miiba ya samaki wake, akaipanga mstari mmoja ukingoni mwa sinia, akala.

Jina lake lilikuwa kwenye pasipoti na kwenye ikama, kile kibali cha kuishi Saudia, na huko ndiko litakakobaki. Sisi tulimwita Mwalimu, na mtu aliyejaribu kumwita vinginevyo hakuitikiwa. Ukitaka kujua alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, mimi sijui, sikuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa mrefu, mkavu, miwani yake ilishikwa na mpira wa kufungia pesa upande mmoja, na ndani ya kilemba chake kulikuwa na kalamu nyekundu saa zote. Alitembea polepole, mikono nyuma, hata akipeleka taka nje, kama anayekagua mstari wa wanafunzi asubuhi. Sare ya kazi tuliyopewa sisi sote, ile ya rangi ya uji, yeye aliipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama.

Miaka hiyo kila mji wa Kenya ulikuwa na wakala, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda Saudia au anayengoja viza. Wengi wetu tulikuwa wasichana wa juzi. Yeye alikuwa amefundisha fasihi sekondari miaka mingi, na kilichomtoa darasani ni mdomo. Siku ya kutoa zawadi, mgeni wa heshima alikosea mara tatu kwenye kipaza sauti, na mara tatu Mwalimu alimsahihisha kutoka safu ya pili. Akahamishwa shule. Huko nako akamsahihisha mkuu wa shule, akahamishwa tena, hadi zikaisha shule za kumhamishia.

Pale ofisini yeye alikuwa marejesho, ndivyo walivyowaita waliorudishwa na waajiri. Alikuwa amerudishwa mara mbili. Nyumba ya kwanza, baba mwenye nyumba aliwasimulia shemeji zake jinsi alivyomwinda sungura jangwani, na Mwalimu, akiwa ameshika birika la kahawa, akasema, "Baba, huyo tulimnunua sokoni Batha." Nyumba ya pili ilikuwa na bibi wa miaka themanini aliyeiba kwenye mchezo wa ludo. Familia nzima ilijua. Wajukuu walijua. Kila mtu alimwacha bibi ashinde, apate usingizi mwema. Mwalimu alivumilia siku nne. Siku ya tano alimshika mkono akamwambia, "Bibi, hiyo ni sita? Tuhesabu pamoja."

"Mwalimu, si ungenyamaza tu?" nilimuuliza.

"Nilijaribu," akasema, na niliona kweli alijaribu. "Nilishikilia kitambaa kwa meno. Kisha nikajisikia nikisema."

Hakutaka kurudi kwao. Alikuwa na binti mmoja chuo kikuu, na kabla ya kupanda ndege alikuwa amemwahidi: soma, na siku ya harusi yako nitakuwepo, hata nije kwa miguu. Ahadi hiyo aliitaja kila siku. Mambo mengine yote alikuwa tayari kubishana nawe, hilo hakubishana nalo. Ilibidi apate nyumba, amalize mkataba, na atoke kwa heshima siku ya harusi ikifika.

Basi katika kungoja kule Al-Murabba, mlango umefungwa kwa nje, runinga ina chaneli moja ya mahubiri na nyingine ya mapishi, Mwalimu akatangaza kwamba tutasoma tanzia za Wagiriki wa kale. Hakuna aliyemwomba.

"Tanzia haimhusu mtu mbaya aliyeadhibiwa," alianza, kalamu mkononi. "Huyo apelekwe polisi. Tanzia inamhusu mtu mkubwa, mtu mzuri, mwenye kosa moja." Akainua kidole. "Moja! Na kosa lenyewe limepanga chumba kimoja na uzuri wake. Kama ni jasiri, ujasiri ndio utakaomzika. Kama anapenda ukweli, ukweli huohuo utamtoa macho."

"Sasa si angeacha?" akauliza yule dada wa Kisii.

"Akiacha si yeye tena."

Majina ya mashujaa hao hakutupa. Alisema majina tutayasahau na makosa tutayakumbuka, na amesema kweli, kwa sababu mpaka leo nakumbuka makosa. Walikuwako wafalme wanaokimbia utabiri, na njia wanayoikimbilia ndiyo inayowafikisha. Walikuwako wenye kiburi wanaoambiwa na kila mtu, kuanzia kipofu hadi mchungaji wa mbuzi, wasithubutu, nao wakathubutu. Alitueleza kwamba watu walikaa kwenye ngazi za mawe kilimani, maelfu, wakitazama toka asubuhi. Waigizaji walikuwa wanaume peke yao, wamevaa vinyago, hata malkia alikuwa mwanamume mwenye ndevu chini ya kinyago. Hiyo ilitufurahisha siku mbili. Akasema michezo ilifanywa kwenye sherehe ya mungu wa mvinyo, na hapo akashusha sauti, akatazama mlango, akasema, "wa zabibu." Tangu hapo akawa mungu wa zabibu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Damu haikumwagwa mbele ya watu. Shujaa aliingia ndani, mlango ukafungwa, kisha mjumbe akatoka mbio akihema kueleza yaliyotokea. Sote tulitaka kuwa mjumbe. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya kwaya. Kwaya ya Wagiriki, alisema, ni watu kumi na tano wanaosimama kando, wanaona kila kitu, wanaonya, wanalia, wanaimba, na hawasaidii chochote. Sisi tulikuwa kumi na watatu ukimtoa yeye. Akahesabu jokofu na mtungi wa gesi, tukatimia.

Mimi nilifanywa kiongozi wa kwaya kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nimeimba kanisani Taveta na nikilia nasikika ng'ambo ya barabara. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Aliniita Kiongozi.

Vinyago tulitengeneza kwa zile sahani nyeupe za plastiki zilizoletwa na wali, tukatoboa macho, tukachora midomo iliyopinda kwa kalamu nyekundu. Mwalimu akajitungia mfalme wake mwenyewe, mfalme aliyekataa kuamini kwamba kisima chake kimekauka, akajifunika shuka, akapanda juu ya ndoo. Tukamzunguka. Tukaomboleza. Nikaongoza: "Ole wako, mfalme!" na kumi na wawili wakaitikia, "Ole!" Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Mudir, msimamizi wa ofisi, akaingia na mteja. Mudir alikuwa mwanamume mnene mpole aliyeogopa magonjwa. Aliona wanawake kumi na watatu wasio na nyuso, wanazunguka wakilia, na mmoja juu ya ndoo amefunikwa shuka jeupe.

"Nani amekufa?" akapiga kelele.

"Bado," akasema Mwalimu chini ya shuka. "Anakufa mwishoni."

Yule mteja alikuwa mama wa makamo. Hakukimbia. Alinyoosha kidole kwangu, maana nilikuwa nimeshikwa na kilio, siwezi kukikata ghafla, machozi yanachuruzika chini ya sahani. Akamwambia Mudir kwa Kiarabu kwamba anamtaka huyu, huyu ana moyo, atamtunza mama mkwe wake vizuri. Ndivyo nilivyopata kazi. Wenzangu walisubiri wiki tatu. Mimi nilichukuliwa siku hiyohiyo kwa sababu ya kumlilia mfalme asiyekuwepo.

Huyo madam wangu alikuwa mtu mwema, na mwaka haujaisha mumewe akahamishiwa kazi Jeddah, tukahama wote. Huko Jeddah baba yake madam alikuwa akiishi nyumba inayopakana na yetu ukuta kwa ukuta, mlango wa kupitia uani, naye alihitaji mfanyakazi. Madam akaniuliza kama namjua mtu msafi, mtu mzima, mwaminifu. Mdomo wangu ukasema "Mwalimu" kabla akili haijaamka. Uaminifu wake ndio niliousifu zaidi, na Mudir, aliyekuwa bado hajampatia nyumba, akamleta upesi. Mjue basi kwamba mwanzo wa yote ni mimi.

Sasa niwaambie habari za kupingana kwake, maana mtu huyu hakuwa wa kipande kimoja. Alifundisha kwamba lililoandikwa halikimbiliki, lakini hakutoka jikoni bila kukagua gesi mara tatu. Alisema kiburi ndicho ugonjwa wa wafalme, na akikuta umekunja shuka bila kulinganisha pembe alikuita urudie, shuka si lake, kitanda si chake. Aliwalilia wafalme wa Wagiriki kwa machozi ya kweli, lakini binti yake alipompigia simu kusema amepata mchumba, alisema, "Vizuri. Tamka jina lake tena, polepole," kisha akaenda kufua mazulia yote matatu ya nyumba ile, siku ambayo hayakuwa na uchafu. Na aliogopa mijusi. Mwanamke aliyemshika mkono bibi mwizi wa ludo, ukimwonyesha mjusi wa ukutani anapanda kiti.

Jeddah kwaya yetu ilipungua ikawa watu wawili, mimi na Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Al-Mahjar, mtu wa Unguja kwa asili. Wazee wake walihamia huko tangu sitini na nne, yeye kakulia Jeddah, lakini Kiswahili chake kimetulia utadhani jana katoka Malindi ya Unguja. Alimshonea madam wangu, na siku za Ijumaa alikuja na mfuko wake wa nguo, akakaa nasi jikoni huku familia nzima ikila nyumbani kwa mzee. Mwalimu alimfundisha Wagiriki wote kuanzia mwanzo, wiki baada ya wiki. Bi Zuhura alisikiliza akitia uzi kwenye sindano. Mwishoni akasema:

"Sasa mwanangu, hao Wagiriki wako yote hayo maneno yao si ni haya tu: sikio la kufa halisikii dawa? Sie tumemaliza kwa maneno matano. Wao wakachonga mlima mzima!"

Mwalimu alihesabu maneno kwa vidole. Yalikuwa matano. Wiki iliyofuata nilimsikia akimweleza mfanyakazi wa jirani kwamba "kama ninavyosema siku zote, sikio la kufa halisikii dawa."

Na sasa mzee mwenyewe. Tulimwita Daktari, kwa sababu ndivyo alivyotaka, na kwa hilo alifanana na Mwalimu kama ndugu. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu zamani, macho yamepungua, mikono bado imara. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wa Mwalimu, mdhamini wake kisheria, na vibali vya wafanyakazi wake alivibonyeza mwenyewe kwenye simu, simu imekaribia kugusa pua, hataki mwana wala mjukuu amsaidie. Alichukia uongo. Dereva mmoja alimwambia yuko njiani na kumbe yuko amelala, na Daktari akamfukuza kabla ya saa ya alasiri. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na hadithi moja, na kila Ijumaa baada ya chakula aliwasimulia wanawe, wakwe na wajukuu: jinsi alivyong'oa jino la ngamia.

Mwalimu alipeleka kahawa. Mwalimu alisikia. Karibu miaka miwili ngamia alishikwa na watu wanne, na hilo Mwalimu aliliweza. Kisha Ijumaa moja wakawa watano. Ijumaa ya nne baada ya hapo walikuwa saba na ngamia ameongezeka umri. Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia la tende, nikaona mabega yake yanapanda. Nikaomba.

"Baba," akasema, "walikuwa wanne."

Mjukuu mmoja akacheka, kisha wote. Daktari hakucheka. Alisema, "Halas, basi," akaweka kikombe chini. Wiki tatu akawa haongei naye ila kupitia kwa madam. Hilo lingekuwa dogo kama mkataba usingekuwa unaisha. Harusi ya binti ilishapangwa Voi, mwezi huohuo, Bi Zuhura alikuwa tayari anamshonea Mwalimu gauni la kijani la mama wa bibi harusi, na ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa ndani ya simu ya yule mzee. Madam akamwombea. Jibu likawa kesho. Kesho likawa inshallah. Mwishowe madam akaja jikoni akitabasamu: babake amekubali, atabonyeza Ijumaa hii, baada ya chakula, mbele ya watu wote, kwa sababu wema wake alipenda uonekane.

"Mafi mushkila, hakuna tabu," madam akasema. "Lakini Mwalimu anyamaze. Tafadhali. Siku moja."

Alipotoka, Mwalimu aliketi juu ya gunia la mchele. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

"Atasimulia ngamia," akasema.

"Atasimulia."

"Watakuwa tisa safari hii. Kiongozi, nitasema. Najijua. Nitasema, na mwanangu ataolewa bila mimi."

Niliumia. Nilipenda yule mtu, kwa ubishi wake wote. Nikafikiri haraka, na nikifikiri haraka huwa sifikiri. Nikasema, "Tukufunge mdomo."

"Nifungwe vipi mbele ya watu?"

"Kitambaa. Tukufunge kuanzia kidevu mpaka utosini, tuseme jino linakuuma. Mwenye jino haongei. Utaweka kahawa, utainamisha kichwa, utatoka."

Bi Zuhura akapiga makofi kwa akili hiyo. Mwalimu akafikiri, akakubali, akaniita mwerevu. Bi Zuhura akachana kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye gauni, tukamfunga kwa mafundo mawili juu ya kichwa.

Ninyi mnaosoma mmeshaona. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba watazamaji kule kilimani walijua mwisho kabla ya shujaa, na utamu wenyewe ulikuwa kumtazama akiufuata kwa miguu yake. Sisi watatu, akili zetu zote, hatukuona. Mnisamehe. Kwetu sisi yule alikuwa mzee wa ngamia. Miaka miwili tumemwita Daktari kila siku, na hakuna kati yetu aliyekumbuka ni daktari wa nini.

Ijumaa ikafika. Wali umeliwa, watu wameegemea mito, na Daktari ameshafika mahali ngamia anapogoma kupiga magoti. "Wakaja wanaume tisa," akasema. Mwalimu alikuwa anainama kumwekea kikombe. Nikaona kitambaa kinatikisika shavuni. Kilishika. Mungu ambariki Bi Zuhura na mafundo yake. Lakini kutoka ndani ya kitambaa sauti ndogo ikatoka, kama ya paka aliyefungiwa kabatini, na Daktari akageuka.

Akamtazama. Akasogeza uso karibu. Ngamia akasahauliwa hapohapo.

"Jino?" akauliza, na uso wake ukawa wa kijana.

Madam, maskini, akasema ndiyo, linamuuma toka jana.

"Jino! Ndani ya nyumba yangu! Yalla, leteni sanduku langu!"

Wanawe wakaanza kusema, Baba, tumpeleke hospitali, Baba, macho yako. Aliwatikisia mkono. Sanduku likaja, la ngozi, limefutwa vumbi kila wiki na nani kama si Mwalimu mwenyewe. Akafungua. Vyuma vikang'aa. Akamkalisha kwenye kiti cha karibu na dirisha, akafungua mafundo yote mawili kwa mkono mmoja.

"Mimi," alimwambia, akijaza sindano ya ganzi, "miaka yote ya kazi, sijamsaidia mwongo. Mtu akija kwangu kusema linauma na haliumi, nilimtoa nje, simtazami tena. Wewe ni mkweli kupita kiasi, nimeliona hilo. Kwa hiyo nakuamini. Lipi?"

Mwalimu alinitazama mimi. Nilielewa anachohesabu, kwa sababu nilikuwa nahesabu hichohicho. Akisema "hakuna jino, Baba, tulidanganya," atakuwa amesema kweli, kama kawaida yake, na ruhusa imekwenda na harusi imekwenda. Akinyamaza, limekwenda jino. Mdomo ulikuwa wazi, hauna kitambaa, na hakuna wa kumzuia.

Na mimi kiongozi wa kwaya nilifanya nini? Nilisimama kando na sinia la tende. Niliona kila kitu na sikusaidia chochote.

Mwalimu akainua kidole, akachagua. Alichagua la juu, pembeni kidogo, linaloonekana mtu akicheka. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuchagua la nyuma, alisema la nyuma analitumia.

"Wote nje," akasema Daktari, "abaki binti yangu ashike taa." Mlango ukafungwa. Nikakimbia jikoni, nikamkuta Bi Zuhura anapinda ukosi wa gauni.

"Anang'olewa!" nikahema.

"Nani?"

"Shujaa!"

"Jino gani sasa, na hana jino bovu?" Sindano ikamdondoka. "Yarabi. Kumbe yule mzee ni daktari wa *meno*."

Tulirudi mbio. Mlango ukafunguliwa, Daktari akatoka ameshika koleo juu, na kwenye koleo kuna jino jeupe, zima, zuri, jino ambalo ungeweza kulipeleka maonyesho. Akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akalisogeza mpaka puani.

"Tazameni!" akasema kwa furaha. "Limeoza kabisa!"

Tulikuwa watu ishirini pale ukumbini. Wote tuliliona. Wana, wakwe, wajukuu hadi yule aliyecheka siku ile, wakatazama zulia. Nyuma ya Daktari alisimama Mwalimu, mdomo umejaa pamba, machozi yanamtoka. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko sungura wa Batha, mkubwa kuliko ludo na ngamia, na ulihusu jino lake mwenyewe, akiwa mwenye ushahidi wote. Macho yake yalitoka. Kalamu nyekundu kilembani ilitetemeka, wallahi niliiona.

Akaitikia kwa kichwa.

Daktari akatoa simu, akaisogeza puani, akabonyeza.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba Wagiriki wakimaliza tanzia tatu za kulia walicheza mchezo wa nne, wa kipuuzi, wanaume wakivaa mikia ya farasi, watu warudi nyumbani wakicheka. Jikoni siku ile, tukimwekea barafu shavuni, alijaribu kusema kitu na pamba, na Bi Zuhura akainama kusikiliza. "Anasema huu ni wa nne," Bi Zuhura akatueleza. Tukacheka tukilia, sote watatu, mpaka madam akaja kutazama kulikoni. Siku tisa baadaye Mwalimu alipanda ndege na gauni la kijani sandukuni. Picha za harusi nilizipata kwenye simu, shavu moja bado limejaa. Na Daktari aliendelea kusimulia kila Ijumaa jino la Mkenya, na waliomshika waliongezeka kila wiki.

Mimi nilibaki Jeddah miaka mingine mitatu, na lile jino likabaki nami. Unaweza kucheka jambo na bado likakulala moyoni. Ni mimi niliyempeleka nyumba ile, ni mimi niliyesema kitambaa, na nilipotakiwa kufungua mdomo nikashika sinia. Niliporudi nyumbani, wiki ya pili tu, nilipanda basi hadi Voi na kilo mbili za tende, nimejiandaa kumwomba msamaha kwa sauti, jinsi mtu anavyopaswa.

Nilimkuta kwenye chumba cha kukodi karibu na soko, anawafundisha watoto wa kidato cha tatu kwa mtihani. Mikono nyuma, kalamu kilembani. Hakushangaa kuniona. "Kiongozi," akasema, "umechelewa, kaa," akanionyesha dawati la mbele. Nikakaa na tende zangu mapajani. Ubaoni ameandika TANZIA. Msichana mmoja akamuuliza: je, shujaa anaweza kuepuka kosa lake?

"Mara moja tu," Mwalimu akasema. Akawasimulia. Jeddah, mzee, ngamia, simu, harusi. Aliieleza vizuri, kila mtu mahali pake, idadi za watu hazikukosewa. Kisha akafika kwenye jino.

"Jino langu lilikuwa limeoza," akasema. "Lilinitesa. Na mimi, kwa kiburi, sikutaka kutibiwa. Ni kiongozi wa kwaya, huyu mnayemwona hapa, aliyenifunga kitambaa, akanipeleka kwa daktari. Bila yeye nisingefika harusini kwa mwanangu."

Nilisimama. "Mwalimu, hapana, hiyo si—"

Alikuwa ameshafika kwangu. Alichomoa tende kwenye mfuko wangu wa karatasi, kubwa, akanitia mdomoni, na nyingine juu yake.

"Mama," yule msichana akaniuliza, kalamu tayari, "ni kweli? Lilikuwa limeoza?"

Darasa zima likanitazama. Mwalimu naye alinitazama, juu ya miwani yenye mpira, kwa macho yaleyale ya siku ya pamba. Kisha akacheka kidogo, na nikaliona pengo. Nilikuwa na tende shavu hili na shavu lile, na machozi yameanza kunitoka.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Amekubali," Mwalimu akawaambia. "Andikeni."